Tunataka kuanzisha tawi la sororiti la kuhudumia jamii: tuanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu hapa Marekani. Tuko wanawake 11, wengi wetu tumetoka Afrika Mashariki, na tangu mwaka jana tumekuwa tukizungumza juu ya kuanzisha tawi la sororiti ambalo kazi yake itakuwa kuihudumia jamii: kuwasaidia watoto wa shule kusoma na kuwatembelea wazee. Tumekwisha kuchagua herufi tatu za Kigiriki na rangi zetu, na mmoja wetu amepata duka litakalotupunguzia bei ya fulana tukilipa mwezi huu. Shida ni kwamba kila tunayemwuliza ana lake. Huyu anasema lazima tuombe kibali cha chama cha kitaifa, yule anasema tujisajili kwanza serikalini kama shirika la hisani, na mwenzetu mmoja anashikilia kwamba wanachama wapya wapitie wiki mbili za kutumwatumwa ili tuwajue wenye nia. Mimi ndiye ninayetarajiwa kuwa mwenyekiti, na niko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Je, tuanzie wapi, na ninaruhusiwa kushika fedha za chama?

JIBU: Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Nilipigia mstari kila jambo mlilokwisha kuliamua, nikapata herufi, rangi, fulana na mwenyekiti. Kisha nikatafuta yale ambayo ningetarajia chama cha huduma kiyaamue mapema zaidi, yaani watoto ni wa shule gani, wazee wako wapi, nani amewaomba mwende, na mtakwenda siku gani ya juma, sikuyaona. Sikulaumu kwa hilo, kwa sababu karibu kila kundi lililopita mbele yangu katika miaka ambayo nimekuwa mlezi wa vyama vya wanafunzi lilianza kwa mpangilio huohuo. Nalitaja mapema kwa kuwa ushauri wangu wote unaegemea hapo: ifanyeni kazi kwanza kwa muhula mzima mkiwa klabu ya kawaida ya chuo, ndipo muamue ni hati gani mnayoihitaji.

Nianze na neno lenyewe, maana nusu ya mkanganyiko mnaopewa unatokana nalo. Sororiti ni chama cha udada cha wanafunzi wa chuo, na jina lake limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya dada. Chama cha Gamma Phi Beta, kilichoanzishwa Syracuse mwaka 1874, ndicho kilichokuwa cha kwanza kujiita hivyo, baada ya mwalimu wa Kilatini kulipendekeza neno hilo, kwani vyama vya wanawake vilivyotangulia vilikuwa vikiazima jina la vyama vya wanaume. Sasa, ninyi mnasema mnataka tawi. Tawi huwa la mti. Kama kuna chama cha kitaifa kinachowatambua, kikawapa hati na kuwatoza ada, ninyi ni tawi lake. Kama hakipo, ninyi ni sororiti huru ya chuo kimoja, hata mkijiita tawi kwenye kila bango. Aliyewaambia muombe kibali alikuwa anafikiria habari ya tawi, na aliyewaambia mjisajili wenyewe alikuwa anafikiria habari ya chama huru. Hakuna aliyewadanganya, kila mmoja alijibu swali ambalo hamkuuliza.

Vyama vya kitaifa navyo si vya aina moja, na kutojua tofauti yake kumewapotezea watu wengi miezi mizima ya kuandika barua zisizojibiwa. Vipo vya kujumuika, ambavyo vingi vya wanawake vimekusanyika katika National Panhellenic Conference tangu mwaka 1902. Huduma wanaifanya, lakini moyo wa chama ni urafiki na maisha ya pamoja chuoni. Vipo vile tisa vya asili ya Wamarekani Weusi vilivyoungana katika National Pan-Hellenic Council, baraza lililoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930. Vinne kati ya hivyo ni vya wanawake: Alpha Kappa Alpha cha mwaka 1908, Delta Sigma Theta cha 1913 na Zeta Phi Beta cha 1920, vyote vilivyozaliwa Howard, pamoja na Sigma Gamma Rho kilichoanzishwa na walimu saba mjini Indianapolis mwaka 1922. Huenda kazi yao imefika karibu na kwenu kuliko unavyodhani, kwani Delta Sigma Theta ilichangia huduma za uzazi katika hospitali ya misheni huko Thika, Kenya. Aina ya tatu ndiyo inayofanana zaidi na mlivyojieleza, nayo ni sororiti za huduma: Gamma Sigma Sigma, iliyoanzishwa New York mwaka 1952, na Omega Phi Alpha, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika Bowling Green State University, Ohio.

Mkivutiwa na mojawapo ya vile vinne, jueni kwamba hamtapata tawi kwa kuandika barua mkiwa watu wa nje. Kule uanachama hutangulia tawi, na matawi ya wanafunzi husimamiwa na wanachama waliokwisha kuhitimu. Mlango wenu ungekuwa kila mmoja kujiunga kwa utaratibu wa chama husika, pale kinapofungua milango. Kwa sororiti za huduma hali ni nyepesi zaidi. Masharti hutofautiana, lakini kwa kawaida kundi lenye nia huwasiliana na makao makuu, hupewa hadhi ya muda, hutakiwa kuonyesha saa za huduma, idadi ya wanachama na kibali cha chuo, halafu ndipo hupewa hati.

Kati ya njia hizo mbili, ya tawi na ya chama huru, kinachobadilika hasa ni nani atabeba mzigo siku ya shida. Tawi la chama cha kitaifa kwa kawaida hupata bima, mwongozo ulioandikwa na watu waliokwisha kukosea, mtu wa kupigiwa simu, na wahitimu wa miji mingine wanaojua herufi zenu. Hulipia hayo kwa ada inayokwenda makao makuu kila mwaka kwa kila kichwa, kwa taarifa za kujaza, na kwa kupoteza uhuru wa kuamua mambo madogo kama rangi. Rangi zenu mlizochagua zingeishia hapo, maana za kwao zimekwisha kuamuliwa. Chama huru ni rahisi kwa fedha na kinawaacha mfanane na mlivyo, lakini mtoto akiteleza mkiwa naye, au mhazini akipotea na ada, hakuna aliye juu yenu isipokuwa chuo, na chuo kitauliza kwanza mlikuwa mmeandika nini. Tena kama wengi wenu mko mwaka wa pili, mna miaka miwili tu. Chama huru ambacho waanzilishi wake wote wanahitimu mwezi mmoja huwa hakipati mazishi hata. Siku moja mtu anaandika barua pepe kwa anwani ya chama, na hakuna anayejua nywila.

Kwa hiyo, kwa hali yenu, nashauri klabu ya kawaida kwanza, kisha maombi kwa sororiti ya huduma. Uhuru kamili ningewashauri tu kama hakuna chama cha kitaifa kinachokubalika chuoni kwenu, au kama ada ya makao makuu ingewafungia nje wale ambao mngependa wawemo.

Kabla ya kuandika maneno “wanawake tu” katika katiba, kuna jambo la sheria ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliruka. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali ya shirikisho. Mwaka 1974 iliongezwa nafuu kwa vyama vya kujumuika vya wanafunzi wa kiume au wa kike vyenye msamaha wa kodi, ili viendelee kuchagua wanachama wa jinsia moja. Uzito uko kwenye kule kujumuika: kwa Kiswahili tunasema “kijamii” kwa yote mawili, kukutana kwa urafiki na kuhudumia watu, lakini sheria imelenga lile la kwanza. Chama kinachojieleza kuwa cha huduma na si kingine hakiingii kirahisi chini ya nafuu hiyo. Alpha Phi Omega, chama cha huduma kilichoanzishwa na wanaume huko Lafayette College mwaka 1925, kiliwafungulia wanawake milango mwaka 1976. Chuo chenu kina ofisi inayoshughulikia Title IX. Nendeni mkiwa na rasimu ya kifungu cha uanachama mkononi, muulize kabla hakijapigiwa kura. Makundi kadhaa niliyoyaona yaliandika kwamba mlango uko wazi kwa yeyote anayekubali malengo ya chama, na kwa miaka yote waliojiunga wakawa wanawake watupu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kuna kisa cha Alpha Kappa Alpha ambacho huwa nakisimulia kwa kila kundi jipya. Mwaka 1934 kiongozi wao wa kitaifa, Ida Louise Jackson, mwalimu kutoka California, aliandaa shule ya likizo kwa walimu wa vijijini katika Holmes County, Mississippi. Walikwenda kufundisha. Walipofika waliona kwamba watu wa pale, waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya pamba, walikuwa na haja kubwa zaidi ya tiba, kwa hiyo kuanzia mwaka 1935 hadi 1942 chama kiliendesha mradi wa afya kila kiangazi chini ya daktari Dorothy Boulding Ferebee. Hata huo nao haukwenda kama ulivyopangwa: wenye mashamba hawakutaka wafanyakazi waondoke kwenda zahanati, basi wale wanawake wakapakia vifaa ndani ya magari yao na kuwafuata watu hukohuko mashambani, wakawachanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo. Angalia walichobadili na walichokiacha vilevile. Mahali na watu hawakuwabadili. Walibadili huduma, kisha wakabadili namna ya kuifikisha.

Kundi moja nililolilea, la wanawake sita, lilitaka kusomesha watoto Jumamosi asubuhi katika maktaba ya umma. Walikwisha kuchapa tangazo. Mkutubi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia kwamba Jumamosi hakuna mtoto anayefika, kwa kuwa wazazi wako kazini na hakuna wa kumleta; wanaofika huja Jumatano baada ya shule, wakakaa kwenye mazulia hadi saa kumi na moja jioni wakisubiri kuchukuliwa. Wakahamia Jumatano, ingawa iliwagharimu wawili miongoni mwao, waliokuwa na maabara siku hiyo. Nilikwenda kuwatazama juma la tatu. Palikuwa na watoto watano, na mmoja, mvulana wa miaka minane hivi, alikataa kusoma kwa sauti mpaka dada aliyekuwa naye alipoiziba picha ya ukurasa kwa kiganja na kumwambia asome ili akisie kilichofichwa. Alisoma kurasa nne. Mlangoni walikuwa wamebandika karatasi yenye safu tatu tu, tarehe, jina la aliyejitolea na saa alizokaa. Mwaka uliofuata walipoomba hati kwa chama cha kitaifa, walipeleka nakala za karatasi hizo, na ombi lao halikuhitaji maneno mengi ya ziada.

Ninyi mna kazi mbili, watoto na wazee. Chagueni moja kwa muhula wa kwanza. Watu 11 wenye masomo hawatoshi kwa ahadi mbili za kila juma, na mzee aliyezoea kukuona Alhamisi huumia zaidi usipotokea kuliko angeumia kama usingekwenda kabisa. Msianzishe kituo chenu. Ingieni chini ya taasisi iliyopo, iwe maktaba, shule au nyumba ya wazee, yenye mtu anayewasimamia wanaojitolea. Hiyo ndiyo itakayowapeleka kwenye uchunguzi wa kumbukumbu za makosa ya jinai unaotakiwa kwa anayefanya kazi na watoto, na nyumba za wazee huenda zikataka kipimo cha kifua kikuu. Msione ni usumbufu. Jiwekeeni pia kanuni kwamba mtu mzima mmoja hakai faraghani na mtoto, na kwamba picha ya mtoto haiwekwi mtandaoni bila idhini ya mzazi iliyoandikwa. Kanuni hizo huwalinda watoto, nanyi pia huwalinda.

Katiba yenu iwe fupi, lakini isiache wazi mambo matatu: nani ni mwanachama, nani anaruhusiwa kutumia fedha, na mambo ya msingi yanabadilishwaje. Hilo la tatu ndilo watu hulidharau. Mwishoni mwa mwaka 1912, wanafunzi 22 wa Alpha Kappa Alpha pale Howard walitaka kubadili jina, alama na mwelekeo wa chama chao. Nellie Quander, mwanachama aliyekwisha kuhitimu, alipinga mabadiliko hayo. Tarehe 13 Januari 1913 wale 22 wakaanzisha Delta Sigma Theta, na tarehe 29 mwezi uleule Quander na wenzake wakakisajili kisheria chama cha awali. Tarehe 3 Machi mwaka huohuo, wanachama wa Delta walikuwa Washington katika maandamano ya kudai haki ya wanawake ya kupiga kura. Vyote viwili vimesimama hadi leo, kwa hiyo siwezi kusema mgawanyiko ule ulikuwa hasara. Lakini ninyi 11 mkigawanyika mtabaki watano na sita. Andikeni basi kama wahitimu wana kura, ni theluthi ngapi zinazohitajika kubadili jina au kusudi, na taarifa ya kura hiyo itolewe siku ngapi kabla.

Kuhusu fedha na usajili, aliyewaambia mjisajili kwanza kama shirika la hisani amepindua mpangilio. Kukusanya ada zenu wenyewe kwa ajili ya vitabu na nauli hakuhitaji hadhi hiyo. Vyuo vingi huvipa vyama vilivyotambuliwa akaunti ndani ya mfumo wa chuo, na kwa mwaka wa kwanza hiyo inatosha, tena inawaepusha na benki. Hadhi ya hisani, iliyo chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi, huhitajika hasa mnapotaka mtu wa nje atoe mchango na kuuondoa katika mapato yake yanayotozwa kodi. Shirika dogo, lisilotarajia mapato ya zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na lenye mali isiyozidi dola 250,000, linaweza kuiomba IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, kwa fomu fupi ya 1023-EZ, ambayo ada yake ni dola 275. Fomu ndefu ni dola 600. Ugumu wenyewe huja baadaye, kwa sababu kila mwaka lazima itumwe taarifa, ambayo kwa wadogo ni ile fupi ya mtandaoni iitwayo 990-N, na shirika lisilotuma kwa miaka mitatu mfululizo hupoteza hadhi yake moja kwa moja, bila kesi. Viongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka. Unaona hatari iliko.

Sororiti nyingi za kujumuika hazimo kabisa katika kifungu hicho cha hisani. Ziko chini ya 501(c)(7), kifungu cha vilabu, na ndiyo maana huwa na mfuko wa hisani uliosajiliwa pembeni. Mkiwa tawi, kiulizeni chama kama msamaha wake wa kodi unawafunika. Kwa sasa, msimwahidi mfadhili yeyote kwamba mchango wake utampunguzia kodi, na kabla ya kuchangisha umma mwone kama jimbo lenu linataka mjiandikishe, maana mengi yanataka. Shule nyingi za sheria zina kliniki za msaada wa kisheria zinazoyasaidia mashirika madogo bila malipo. Pelekeni katiba yenu huko kabla ya kumlipa wakili.

Sasa viza yako. Kuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi bila malipo ni kujitolea, na kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa ajira. Mpaka unaoweza kuvukwa bila kujua ni malipo: usipokee posho, zawadi ya fedha wala “shukrani” kwa kazi ya chama, wala usijitolee mahali kufanya kazi ambayo mwingine pale hulipwa mshahara kwa kuifanya. Kurudishiwa fedha ulizonunulia vitabu, kwa risiti, ni jambo jingine. Kushika fedha hakukatazwi, lakini nisingependa uzishike peke yako, viza au pasipo viza. Wekeni watu wawili wa kuidhinisha kila matumizi, na mhazini na mwenyekiti wasiwe watu wanaokaa chumba kimoja. Nimewahi kupokea hesabu za mwaka mzima ndani ya sanduku la viatu, risiti zimefifia hazisomeki. Hakuna senti iliyoibwa, na bado dada yule alilia mbele ya wenzake kwa sababu hakuweza kuthibitisha.

Kuna kizingiti kimoja ambacho hukutana nacho wanafunzi wa viza. Chama kikihitaji akaunti yake benki, kitatakiwa kuwa na EIN, namba ya utambulisho wa chama ambayo IRS huitoa bure. Tovuti inayodai malipo si ya serikali. Ombi la mtandaoni humtaka mhusika mkuu awe na namba yake ya hifadhi ya jamii au ya mlipakodi, na wanafunzi wengi wa viza wasiofanya kazi hawana. Njia ipo, ya kutuma fomu ya SS-4 kwa faksi au posta, lakini ni rahisi zaidi mwenzenu mwenye namba hiyo awe mhusika mkuu, mradi kweli ni kiongozi na si jina la kuazima. Kabla hujasaini chochote, kaa ana kwa ana na mshauri wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, umweleze utafanya nini hasa. Hilo usilikamilishe kwa jibu langu, wala kwa jibu la rafiki mwenye viza kama yako.

Kuhusu zile wiki mbili za kutumwatumwa, jibu langu ni hapana. Najua mwenzenu hana ubaya moyoni. Anataka kupima nia. Lakini hebu tuangalie kipimo hicho hupima nini. Mwaka 1959 wanasaikolojia Elliot Aronson na Judson Mills waliwapitisha wanafunzi wa kike katika majaribio ya kujiunga na kundi la mazungumzo, wengine kwa aibu nyingi, wengine kwa aibu kidogo, wengine bila aibu yoyote. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo yaleyale, ambayo yalitengenezwa makusudi yawe ya kuchosha. Walioaibishwa zaidi ndio waliosema yalikuwa mazuri. Mtu aliyegharimika hujitafutia sababu ya gharama yake, kwa hiyo mateso humfanya alipende kundi hata likiwa halina maana. Kwa chama cha huduma hiyo ni hasara tupu, kwani mtapata watu wanaowapenda ninyi, na hamtajua kama watatokea maktaba Jumatano yenye mvua.

Sheria nayo imekaza. Sheria ya shirikisho ya kuzuia manyanyaso hayo vyuoni, Stop Campus Hazing Act, ilitiwa saini Desemba 2024. Kwa tafsiri yake, kukubali kwa aliyenyanyaswa si utetezi, na kikundi chenye wanafunzi wawili au zaidi kinaingia hata kama chuo hakijakitambua. Vyuo vinatakiwa kutangaza hadharani majina ya vyama vilivyotambuliwa ambavyo vimepatikana na kosa. Majimbo mengi yana sheria zake pia. “Kamfulie dada mkubwa nguo” husikika kama utani mpaka isomwe kwa sauti mbele ya kamati ya nidhamu. Mkitaka kipimo, mtakeni mwanachama mpya ajitolee majuma sita pamoja na mwanachama wa zamani, wote wakisaini karatasi ileile ya mlangoni. Na kama tayari kuna aliyeumizwa au kutishwa mahali popote chuoni, msilizungumze kwenye kundi la simu. Nendeni kwa mkuu wa wanafunzi siku hiyohiyo, na kama hali yake ni mbaya piga 911 kwanza.

Mimi juma hili ningeanza na maktaba au shule, si na ofisi ya chuo. Nendeni wawili, mkaulize wanahitaji nini na siku gani, mrudi na jibu hilo kwa wenzenu tisa. Kisha nendeni ofisi ya shughuli za wanafunzi mkachukue fomu za klabu mpya, mkaulize kama chuo kinaruhusu sororiti za huduma na kina kipindi gani cha kupokea maombi, kwa kuwa vyuo vingine hufunga mlango kwa mwaka au miaka kadhaa. Mtahitaji mlezi aliye mfanyakazi wa chuo. Mtafuteni anayewauliza maswali ya kukera.

Na fulana: msilipe mwezi huu. Alfabeti ya Kigiriki ina herufi 24, zinazotoa michanganyiko 13,824 ya herufi tatu, na vyama vimekuwa vikichota humo kwa zaidi ya miaka 150. Inawezekana kabisa mlizochagua zina mwenyewe, na herufi za vyama vingi ni alama za biashara zilizosajiliwa. Unaweza kutafuta bure katika kumbukumbu za mtandaoni za ofisi ya hataza na alama za biashara ya Marekani. Tena mkiwa klabu ya kawaida hamtahitaji herufi, na mkiwa tawi mtapewa za kwao. Kama lazima mvae kitu kimoja siku ya kwanza, nunueni vitambulisho vya karatasi vya kubandika kifuani na mwandike majina yenu kwa herufi kubwa, ili watoto waweze kuyasoma.